Kule Buleusa Hawagonjwi

Watu wa hapa Masisi-centre wakiniuliza habari ya Gisubizo, yule musichana anayetengeneza telefone kwenye baraza ya depo yangu, wanataka kujua kitu kimoja: kwa nini muntu aliyesoma informatique, elimu ya kompyuta, Goma miaka mitatu anakaa kusugua telefone za watu na muswaki. Wengine wanasema aliiba. Wengine wanasema iko mwanaume ndani, maana watu wetu hawawezi kula habari bila kutia mwanaume kama chumvi. Mimi njo nilikuwa naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Basi nitasema mimi, na mwenye kubisha aje abishe hapa mbele ya kaunta yangu.

Jina langu ni Kavugho. Niko muntu wa Butembo, Mukatolika, mama ya biashara. Ninauza chumvi, sabuni, mafuta na misumari, na niko na moto ine, pikipiki zinazobeba mizigo mpaka kule gari ilikataa kufika. Sipendi muntu wa kuchelewa, na sipendi muntu wa kulialia. Mu mwaka wa 2021 shirika moja la afya lilikuja kupangisha chumba changu cha nyuma, kwa sababu juu ya bati nilikuwa na sola nane na batri nzito za kulinda frigo. Walileta kabati ya chuma, wakaweka mashine ya kompyuta ndani, wakafunga kipepeo cha kuipoza, na wakaniachia Gisubizo wa kuichunga.

Alikuwa na miaka ishirini na tano. Baba yake, Papa Kanyamibwa, alikuwa muntu wa ng'ombe kule juu ya milima, na mama yake Verdiane aliuza maziwa mu bidon za manjano. Vita ilikula zile ng'ombe zote mu siku moja, ikabaki shule tu. Lakini muntu wa maziwa haachi umaziwa wake. Gisubizo aliosha mikono mbele ya kugusa mashine. Alipangusa vumbi ya kabati asubuhi na jioni. Kwao bidon isiyooshwa vizuri inaharibu maziwa ya kijiji kizima, na yeye uchafu wa aina yoyote ulimuuma kama jino.

Kazi ya mashine ile nilielezwa mara tatu mpaka nikaielewa, na nikiielewa mimi, wewe pia utaielewa. Kila kijiji kina relais, maana yake muntu aliyechaguliwa na wenzake kufuata habari ya afya. Relais anatuma ujumbe na telefone: mutoto amezaliwa, mugonjwa wa kuhara, tunaomba serum, yale maji ya dawa ya kutia mu mushipa. Ujumbe wote unapita mulango mumoja. Kwa lugha ya Gisubizo ule mulango unaitwa geti ya API. Pale mulangoni mashine inaangalia nani anabisha hodi, halafu inamupeleka panapofaa: uzazi huku, magonjwa kule, maombi ya dawa kwa Goma. Goma wakiona ombi, wanatoa dawa, na moto zangu zinapeleka. Bila ombi, hakuna dawa. Hiyo njo ilikuwa sheria.

Na mulango huo uko na daftari lake, wanaliita logi. Mwanzoni mashine iliandika kila kitu: nani alibisha, saa ngapi, alipita ao alirudishwa. Gisubizo hakupenda. Aliniita mara moja kunionyesha ile mistari inavyoteremka, maelfu kwa maelfu, akasema ni takataka tupu. Mwaka wa pili takataka ile ilijaa mashine mpaka shingoni, ikazima siku mbili katikati ya juma la chanjo. Gustave, mukubwa wake wa Goma, alimupigia kelele mu telefone mpaka mimi nilisikia nikiwa ninapima sukari. Juu ya hiyo, telefone ya relais mumoja wa Nyabiondo ilipata wazimu, ikatuma ujumbe uleule mara mia tatu.

Basi Gisubizo alifanya usafi. Jambo la kwanza, alipanga kwamba telefone moja inapita na ujumbe tano kwa saa, wa sita unarudishwa. Jambo la pili, aliambia mashine isiandike tena kitu mu daftari, isipokuwa kosa kubwa la kuangusha kazi yote. Kurudisha mugeni musumbufu mulangoni halikuwa kosa kubwa, kwa hiyo halikuandikwa. Alikuwa na sababu nyingine pia, na haikuwa ya kijinga: wakati wa vita, orodha ndefu ya majina ya watu na vijiji vyao si kitu cha kuacha ndani ya kabati. Alinieleza yote hayo akifurahi, mashine imekuwa nyepesi, kipepeo hakilii tena. Akaniuliza nani duniani anahitaji ujumbe wa sita mu saa moja. Nikamujibu kwamba hakuna. Ninasema hivyo ili mujue kwamba na mimi niliitikia.

Sasa niwapeleke Buleusa, kule Walikale. Relais wa kule alikuwa Papa Marcellin, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mulimaji wa mihogo na mipunga, mupole, wa kuvaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kijijini hakuna rezo ya telefone. Rezo iko juu ya kilima, mwendo wa saa mbili na nusu. Relais wa vijiji vingine vitano vya jirani, telefone zao zilikuwa zimekufa ao zimenyang'anywa, kwa hiyo waliandika habari zao kwenye vipande vya karatasi na kumupa yeye. Kila Jumatatu Marcellin alipanda na karatasi za vijiji sita na telefone moja, akakaa juu ya jiwe, akatuma ujumbe mumoja mumoja mpaka mwisho. Halafu alifuta kila kitu, vilivyotumwa na vilivyopokelewa, maana chini ya kilima kulikuwa na barieri, kizuizi cha wenye bunduki, na watu wa barieri walisoma telefone za watu. Kila muntu wa kule anafuta mbele ya kushuka. Ni kama kuvuta mulango ukitoka nyumbani.

Alikuwa na utaratibu wake wa kutuma. Alianza na waliozaliwa, halafu wagonjwa, halafu maombi, halafu waliokufa. Nani alimufundisha? Hakuna. Sisi wote tuko hivyo. Ukikutana na muntu anayetoka kuzika mama yake, ukamuuliza habari, atakujibu habari ni nzuri, halafu njo atakuambia. Haifai kumutupia muntu kifo usoni mbele ya kumusalimia.

Mu mwaka wa 2023, vita iliporudi upande wa Kitchanga, njia ya Pinga ilifungwa majuma matano. Hakuna moto yangu iliyopita. Lakini ujumbe wa Buleusa ulifika kila Jumatatu, na ulikuwa wa kuzaliwa tu. Watoto tano juma hili, watoto tano juma linalofuata. Gustave alifanya masihara mu telefone akasema kule Buleusa hawagonjwi, wanazaa tu, tuwaulize wanakula nini. Gisubizo alicheka, na mimi nilicheka. Kicheko kile kiko bado ndani ya masikio yangu, na sikipendi.

Njia ilipofunguka, Mbusa, mutoto wa kaka yangu na mupanda moto wangu, alirudi na barua ya chef wa Buleusa, Papa Faustin. Barua iliuliza kwa heshima: kipindupindu kimeua watu kumi na moja huku, relais wetu anasema aliomba serum tangu juma la kwanza, je, aliomba? Gisubizo alifungua mashine. Kwenye magonjwa, hakuna Buleusa. Kwenye maombi, hakuna Buleusa. Akafungua daftari la mulango: hakuna kosa hata moja. Akamwambia Gustave kwamba hakuna kitu, na Gustave akatuma jibu lenye muhuri, kwamba kituo hakikupokea ombi lolote kutoka kwa Marcellin. Mbusa akaipeleka karatasi ile.

Siku nane baadaye Mbusa alirudi, akakaa juu ya gunia la chumvi bila kuvua koti. Alituambia kwamba barua ilisomwa mbele ya watu wote. Watu walisema njia ya mwongo ni fupi: kumbe kila Jumatatu alikuwa anapanda kupiga soga na telefone, na watoto wanakufa. Baraza lilimupa Marcellin mpaka mwisho wa mwezi kutoka Buleusa na mukewe na watoto wake. Ilibaki siku tisa. Na kutoka Buleusa wakati ule ilikuwa kutoka kwenda wapi? Kila upande wa pori ulikuwa na wenye bunduki wake. Familia isiyo na kijiji haikukaa hai muda murefu.

Mbusa si muntu wa maneno. Lakini alisema kitu kingine, polepole, akiangalia chini. Mbele ya njia kufungwa, Jumatatu moja, alimukuta Marcellin juu ya kilima. Alimuona amekaa saa nzima anabonyeza, karatasi zimewekewa mawe ili upepo usizibebe. Mbusa alimuhesabia karatasi kumi na saba.

Gisubizo aliinuka. Alienda chumba cha nyuma, hakunawa mikono. Niliingia nikamukuta anaandika. Alibadilisha daftari la mulango, akaliambia liandike tena kila kitu, apitaye na arudishwaye. Halafu akaniambia nitoe telefone yangu nitume ujumbe nane, niseme chochote. Nilituma kama Marcellin, watoto watano wa uongo, halafu wagonjwa watatu wa uongo. Tuliangalia kioo. Mistari mitano ikaja: amepita, amepita, amepita. Halafu mitatu: amerudishwa, telefone hii imezidi. Telefone yangu ilitoa mulio, asante imefika, mara tano. Mara zingine tatu ilinyamaza tu, na muntu wa juu ya kilima mwenye batri ya kuchunga hangekaa kuhesabu asante.

Nilimuona akikaa chini, juu ya sakafu, mugongo kwenye kabati. Alilia bila sauti. Nimesema sipendi watu wa kulialia, lakini siku hiyo sikumwambia kitu. Niliogopa, na nilikuwa na haya, maana serum katoni thelathini zilikuwa zimekaa mu depo yangu majuma yote yale, zikingojea wenye kuziomba.

Alimupigia Gustave, akamueleza yote. Aliweka sauti juu ili nisikie. Gustave akasema barua imekwisha kwenda na muhuri wa shirika, wafadhili wanakuja mwezi ujao, na hapa hakuna karatasi inayoonyesha kitu chochote cha wakati ule.

"Rekebisha ile mashine, unyamaze," alisema. "Relais mwingine atachaguliwa."

Gisubizo alimuuliza kama anaweza kupewa barua ya kusahihisha. Gustave akasema akienda Buleusa kwa jina la shirika, asirudi kazini. Akakata.

Kwa njia moja Gustave alisema kweli. Karatasi haikuwepo. Marcellin alifuta kwa sababu ya barieri, Gisubizo hakuandika kwa sababu ya usafi, na kati yao wawili majuma matano yalipotea kabisa. Kufungua daftari leo hakurudishi ya jana. Hicho njo kilimuua moyo. Usiku na mchana alitafuta ndani ya mashine kama kuna mahali pamebaki hata mustari mumoja, na hapakuwa.

Siku ya tatu nilimwambia achague, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha na mimi sina subira ya kuangalia muntu akijikuna. Akasema anaenda. Nikamukumbusha kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja: musichana wa nyumba ya ng'ombe, sura yake inamusema mbele ya mudomo, kwenda kule mwaka ule, wakati wenye bunduki wa kule walimuhesabu kila muntu wa ng'ombe kuwa adui. Alisema anajua. Basi nikafunga kitenge, nikaachia funguo za duka muuzaji wangu, tukapakia serum zote juu ya moto zangu ine, tukaondoka. Gustave angeniuliza nani aliruhusu serum kutoka. Aniulize.

Tulitumia siku ine, kupitia Nyabiondo na Pinga, halafu miguu, katoni zikiwa juu ya vichwa vya wabebaji. Barieri zilikuwa tisa. Kila moja ilikula chumvi kidogo, na kila moja niliambia kwamba huyu ni mukwe wangu, na mwenye shida na mukwe wangu aseme na mimi. Mara moja tu kijana mwenye bunduki alimuangalia muda murefu sana. Nilimuuliza kama mama yake anajua anavyoangalia bibi za watu. Wenzake wakacheka, tukapita.

Tulifika Buleusa siku mbili mbele ya ile siku Marcellin aliyopewa ya kutoka. Nyumba ya Marcellin ilikuwa imekwisha kufungwa. Mikeka, jembe, sufuria, vyote vilikuwa nje mu vifurushi. Yeye alikuwa amekaa kando, kofia kichwani, amekonda. Chef Faustin aliita watu, maana serum zilikuwa zimefika na kila muntu alitaka kujua zimetoka wapi.

Gisubizo alisimama katikati. Hakutumia neno hata moja la informatique.

"Papa Marcellin alituma," alisema. "Kila Jumatatu alituma. Ujumbe wake ulifika mulangoni kwangu, na mulango wangu ulimufungia. Mimi njo nilipanga ufunge. Na mimi njo niliuambia usiandike. Ile barua muliyoisoma ilitoka mudomoni mwangu, na haikuwa kweli."

Papa Faustin aliuliza, bila hasira, karatasi ya kuonyesha hayo iko wapi. Watu walikuwa wameona muhuri. Sasa wanaletewa maneno. Gisubizo akasema karatasi hakuna, haiwezi kupatikana hata akitafuta maisha yake yote, kwa sababu ya vile alivyopanga mwenyewe. Wapo waliogeuka kwenda zao. Muzee mumoja akasema huyu amelipwa na Marcellin. Mwingine akauliza amemulipa na nini, na mihogo?

Hapo alisimama Mama Drocella. Nilijua baadaye kwamba yeye njo alisema kwa nguvu kuliko wote Marcellin atoke. Alikuwa amezika mutoto wake wa miaka ine, Aimée, mu juma la pili la ugonjwa. Alimkaribia Gisubizo mpaka wakaangaliana macho kwa macho, akamuuliza kazi yake iko namna gani sasa. Gisubizo akasema hana kazi tena. Akamuuliza alipita njia gani. Gisubizo akamutajia, barieri kwa barieri. Drocella aliangalia sura yake, akaelewa kila barieri ilikuwa nini kwa sura ile.

"Muntu hatembei njia ile kuja kujipakaza matope ya mwingine," alisema kwa chef. "Mimi ninamuamini. Na ninachukia kumuamini, kwa sababu nilikuwa nimepata muntu wa kulaumu."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kubisha kuliko yeye. Papa Faustin akasema neno limekwisha, Marcellin anakaa. Wanawake wakaanza kufungua vifurushi.

Marcellin mwenyewe hakuinuka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli alituma. Halafu akamuita Gisubizo karibu, akamuuliza mulango ulikuwa unafunga kisha ujumbe ngapi.

"Tano," Gisubizo akasema.

Marcellin alivua kofia. Akainua mukono na kuhesabu kwenye vidole, polepole, akitaja waliozaliwa Jumatatu ya juma la pili. Wa Kavira. Wa muke wa mwalimu. Mapacha wa kijiji cha chini, wawili. Mujukuu wa Papa Faustin. Vidole vikaisha. Alikaa akiangalia mukono wake umefunguka.

"Aimée nilimutuma wa sita," alisema.

Drocella alikuwa pale pale na sufuria ya nyumba ya Marcellin mukononi. Nilifikiri ataitupa. Aliinama kupita mulango mudogo wa jiko la Marcellin, na akaiweka sufuria mahali pake.